Tiketi Nne Mfukoni: Mbili Ruksa, Mbili Kesi

Bi Wakili anajibu barua za wasomaji walio ughaibuni

SWALI

Shikamoo Bi Wakili. Mimi ni kijana wa Morogoro, nipo Coventry nasomea shahada ya uzamili. Nina tiketi nne na kila mtu ananishauri lake.

Mbili ni za mpira, mechi ya Ligi Kuu ya England. Nilizipata kwa uanachama wangu wa klabu, pauni 45 kila moja. Nyingine mbili ni za tamasha la muziki London, pauni 70 kila moja. Zote zimeangukia wiki ya mitihani, kwa hiyo siendi popote. Binamu yangu wa Birmingham ana wageni kutoka Dar es Salaam ambao wako tayari kutoa pauni 180 kwa kila tiketi ya mpira. Na zile za muziki, nimeona kwenye tovuti za kuuziana tiketi, zinafika mpaka 200. Nikipiga hesabu nabaki na faida ya pauni 530, na hiyo kwangu ni kodi ya chumba.

Ninayekaa naye anasema huo ni ulanguzi na nitafungwa. Binamu anasema tiketi nimenunua kwa hela yangu, ni mali yangu, na anayenunua ni mtu mzima aliyekubali bei mwenyewe. Nani mkweli? Na kama hakuna tatizo, nafikiria kila mwezi ninunue chache niuze, maana kibarua cha saa 20 kwa wiki hakitoshi.

Mwanafunzi, Coventry

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla sijaeleza lolote naomba ufanye jambo moja leo hii: mpigie binamu yako umwambie wale wageni watafute njia nyingine ya kuingia uwanjani. Zile tiketi mbili za mpira usimuuzie mtu. Si kwa 180, wala si kwa 45 ileile uliyolipa wewe.

Hapo kwenye 45 najua umeshtuka. Sisi watu wa nyumbani tumelelewa na neno ulanguzi. Mwaka 1983, walanguzi na wahujumu uchumi walipokuwa wakisakwa nchi nzima, mimi nilikuwa darasa la nne, na nakumbuka jirani yetu alivyozika katoni za sabuni usiku nyuma ya choo. Kwa kizazi chetu kosa la mlanguzi ni bei: kanunua kwa bei ya duka, kauza kwa bei ya kuruka. Kwa hiyo mtu akiuza kwa bei aliyonunulia anajiona msafi. Sheria ya tiketi za mpira hapa England na Wales haianzii kwenye bei. Inauliza kwanza: nani kakupa ruhusa ya kuuza?

Sheria yenyewe ni ile ya Haki ya Jinai na Utulivu wa Umma ya mwaka 1994, kifungu cha 166. Inasema ni kosa la jinai kwa mtu asiye na idhini ya maandishi ya waandaaji wa mechi kuuza tiketi yake, au kuiachia kwa mtu mwingine kwa namna nyingine. Faida haikutajwa kabisa. Na neno "kuuza" limetanuliwa humo mpaka likameza karibu kila kitu: kuinadi ni kuuza, kumwachia mwingine akuuzie ni kuuza, kutangaza kwamba ipo ni kuuza. Ukiandika kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa Midlands "nina mbili za Jumamosi, anayetaka anitafute", umeshaingia, hata kama hajajitokeza mtu. Ule ujanja wa "nawauzia skafu kwa pauni 180, tiketi nawapa bure" nao umeshaonwa na kuzibwa. Kumpa tiketi mtu anayekulipa kwa bidhaa au huduma nyingine kunahesabika kuwa ni mauzo. Mwaka 2006 bunge lilikirekebisha kifungu hicho ili wauzaji wa kwenye intaneti wasipate pa kuponyokea.

Unayekaa naye kakutisha kifungo. Kwa kosa hili lenyewe adhabu ni faini, lakini usivute pumzi bado. Zamani ilikuwa na kikomo cha pauni 5,000. Tangu 2015 kikomo hicho kimeondolewa, hakimu anapima mwenyewe. Na juu ya faini, mahakama inaweza kutoa amri ya kukupiga marufuku viwanjani.

Utaniuliza mbona mpira tu ndio umebanwa hivi. Jibu linaanzia Sheffield, uwanja wa Hillsborough, tarehe 15 Aprili 1989, nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest. Watu walibanwa kwenye vizimba nyuma ya goli, na waliofariki kutokana na siku ile wamefikia 97. Nakuomba uelewe hapa vizuri, kwa sababu familia za marehemu zilisumbuliwa na uongo kwa miaka mingi: mashabiki hawakusababisha vifo vile. Jopo la raia lililosikiliza uchunguzi wa vifo lilisema hivyo wazi mwaka 2016, na likasema waliuawa isivyo halali. Walanguzi wa tiketi pia si wao walioua. Ila Jaji Taylor, aliyepewa kazi ya kuchunguza, alikagua kila kinachohusu usalama wa viwanja vya mpira, na katika ripoti yake ya Januari 1990, pamoja na mambo mazito kuliko haya, alipendekeza ifikiriwe kulifanya kosa la jinai jambo la kuuza tiketi siku ya mechi bila idhini ya klabu ya nyumbani. Miaka minne baadaye kikaja kifungu cha 166.

Sababu yake ni ya kuonekana kwa macho. Uwanjani mashabiki wa timu mbili hutenganishwa, na klabu inataka kujua ni nani amekaa wapi. Tiketi yako ya mwanachama ni ya jukwaa la nyumbani. Ukiwapa wageni usiowajua, mmoja akawa shabiki wa timu pinzani, goli likiingia ataruka na kupiga kelele peke yake katikati ya watu elfu moja wenye majonzi, na kadi iliyomwingiza ina jina lako.

Muda huo wote sijagusa kinachonitia hofu zaidi, nacho ni viza yako. Mwanangu, kosa la jinai kwa raia wa hapa ni faini na aibu. Kwako wewe ni swali kwenye kila fomu utakayojaza baada ya hapo: kuongeza muda wa kukaa, kubadili aina ya viza, hata kuomba kuingia nchi nyingine. Fomu inauliza kama umewahi kutiwa hatiani, na kuficha ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Nimekaa na vijana ofisini kwangu wakilia kwa makosa madogo ya namna hii, wazazi wakiwa wameuza shamba kulipa ada.

Na ule mpango wa kununua chache kila mwezi uuze, uufute hata kwa tiketi za muziki. Viza ya mwanafunzi inakuruhusu kuajiriwa, kwa wewe wa shahada ni hizo saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Haikuruhusu kujiajiri wala kufanya biashara. Kuuza mara moja tiketi uliyonunua ukakusudia kwenda, ukazuiwa na mtihani, ni jambo la kawaida la maisha. Kununua ili uuze, mwezi baada ya mwezi, ni biashara, na umeniandikia mwenyewe kwamba ndiyo nia. Kwa wasomaji wenye makazi ya kudumu, viza haiwazuii, ila wajue msamaha wa kodi kwa mapato ya biashara ndogondogo unaishia pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi. Hayo ni mapato, si faida.

Sasa hoja ya binamu, kwamba tiketi ni mali yako. Chukua kadi ya harusi. Umechanga laki moja, kamati imekupa kadi ya watu wawili. Kadi unaishika wewe, lakini ukumbi si wako, na ulichonacho ni ruhusa ya kuingia kwa masharti ya wenye shughuli. Kamati ikiwa imeandika kwamba kadi haihamishwi, mtu uliyemuuzia atasimama mlangoni na suti yake, na hela zake unazo wewe. Tiketi iko hivyohivyo. Kilo ya sukari ukishainunua mwenye duka hana neno tena; tiketi mwenye shughuli anaendelea kuwa na neno mpaka mtu apite getini.

Hapo ndipo tufike kwenye zile mbili za tamasha, na hapa habari ni nyepesi. Kwa sheria ilivyo ninapoandika, kuuza tena tiketi ya muziki kwa faida si kosa. Yapo matukio yaliyowahi kutungiwa sheria yake, kwa mfano Olimpiki ya London ya 2012, ambako kulangua tiketi kulikuwa kosa na faini ikapandishwa kutoka pauni 5,000 hadi 20,000. Tamasha la kawaida halimo. Lakini Novemba 2025 serikali ilitangaza kwamba italeta sheria ya kuzuia tiketi zisiuzwe tena juu ya bei ya awali, kwa hiyo siku utakayotaka kuuza, hakikisha kwanza kama imeshaanza kutumika.

Ukiuza kupitia tovuti, Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inakudai umwambie mnunuzi ukweli wote: eneo, mstari na namba ya kiti kama vipo, bei ya awali iliyoandikwa kwenye tiketi, namba ya tiketi kama mwandaaji ameiweka, na sharti lolote linalombana anayeitumia. Kukiuka hilo kunaweza kukugharimu hadi pauni 5,000. Sheria hiyohiyo inakulinda nawe: mwandaaji haruhusiwi kuifuta tiketi kwa sababu tu umeiuza, isipokuwa kama sharti hilo lilikuwa wazi wakati ulipoinunua. Basi kabla ya yote fungua ile barua pepe ya siku uliyolipa, usome masharti hadi chini. Ukikuta pameandikwa kwamba ikiuzwa nje ya mfumo wao inafutwa, au kwamba jina la mnunuzi litalinganishwa na kitambulisho mlangoni, halafu ukaiuza kwa kunyamaza, unamuuzia mwenzako mbuzi kwenye gunia. Kutoka hapo tunaanza kuzungumza habari za udanganyifu, na udanganyifu una jela.

Simtishi mtu bure. Februari 2020, Mahakama ya Crown ya Leeds iliwafunga wafanyabiashara wawili, mmoja miaka minne na mwingine miezi 30. Walikuwa wakitumia majina ya watu chungu nzima na programu za kompyuta kukwepa kikomo cha idadi ya tiketi, wakiziuza bila kuwaambia wanunuzi kwamba zinaweza kukataliwa mlangoni, na nyingine wakiziuza kabla hata hawajazipata. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2021. Hawakufungwa kwa kupata faida. Walifungwa kwa uongo. Na zile programu za kununua kwa wingi zina kanuni zake tangu Julai 2018: kuzitumia kuvuka kikomo cha tiketi ili upate faida ni kosa la peke yake.

Umeniuliza sheria, nimekujibu sheria. Naomba uniruhusu niongeze langu. Miaka kadhaa iliyopita shemeji yangu alikuja kutoka Tanga, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Alikuwa na ndoto moja, kuiona timu aliyoishabikia kwenye televisheni ya kibanda umiza tangu akiwa kijana. Nilikuwa nimebanwa na kesi, sikumtafutia tiketi kwa wakati. Akaenda mwenyewe siku ya mechi, akakutana na kijana mmoja nje ya uwanja, mwenye lugha nzuri, akalipa pauni 160. Getini mashine ikawaka nyekundu. Akajaribu geti la pili, ikawaka nyekundu. Ilikuwa kadi ya mwanachama iliyokwishafungwa. Nilipofika kumchukua nilimkuta amesimama ukutani na jezi yake mpya ndani ya koti, anasikiliza uwanja unavyolia, na alichoniambia ni kwamba angalau amewasikia. Yule kijana aliyemuuzia bila shaka naye alikuwa na kodi ya chumba.

Kwa hiyo kama ningekuwa mama yako, ningekuambia zile za tamasha umuuzie mtu kwa 70, kwa njia ambayo waandaaji wenyewe wameiruhusu. Sheria haikulazimishi hilo leo. Ni ombi langu.

Na zile za mpira, ingia kwenye akaunti yako ya klabu. Vilabu vingi vya Ligi Kuu vina mfumo wake rasmi wa kurudisha tiketi ili iuzwe kwa mwanachama mwingine, na ikiuzwa unarudishiwa hela. Vingine vinaruhusu umhamishie mwanachama mwenzako mle mle ndani. Hiyo ndiyo idhini ambayo kifungu cha 166 kinaitaka. Fanya mapema, maana dirisha hufungwa kabla ya mechi. Wageni wa Dar waambie wanunue kwenye klabu yenyewe. Zipo tiketi za gharama zenye chakula ambazo klabu huwauzia hata wasio wanachama, na kwa watu waliokuwa tayari kutoa 180, mara nyingine tofauti si kubwa kama wanavyodhani. Kiti chao kitakuwa cha uhakika.

SWALI

Assalam aleikum dada. Sisi ni akina mama wa Pwani tunaoishi Dublin, tuna chama chetu kidogo. Mwajiri wa mmoja wetu ametupa tiketi sita za tamasha kwenye uwanja mkubwa. Tunataka kuzipiga mnada, fedha ziende kuchimba kisima kijijini Kwale. Kuna mtu katuambia Ireland hairuhusiwi. Hata kwa kisima?

Mama wa Mombasa, Dublin

JIBU

Waaleikum salaam dada yangu, Mungu awape wepesi. Aliyekuambia hivyo hajakosea. Ireland imekwenda mbele ya jirani yake: tangu sheria ya mwaka 2021, tiketi za matukio kwenye kumbi na viwanja vinavyochukua watu 1,000 au zaidi haziruhusiwi kuuzwa tena juu ya bei ya awali. Adhabu yake si ya kuchezea, inaweza kufika euro 100,000 au kifungo cha miaka miwili. Mnada kwa asili yake hupandisha bei, kwa hiyo mkiufanya kama chama cha kawaida mtakuwa mmevunja sheria, kisima au si kisima.

Ila sheria hiyo imeacha mlango kwa mashirika ya hisani yaliyosajiliwa na vilabu vya michezo vya ridhaa vinapochangisha fedha. Chama chenu hamjasema kama kimesajiliwa. Kwa jinsi ulivyoandika nadhani bado. Tafuteni shirika la hisani lililosajiliwa ambalo tayari linafanya kazi za maji Kenya, mnada ufanyike kwa jina lao na fedha zipite kwenye akaunti yao, kwa makubaliano ya maandishi kwamba zitakwenda Kwale. Waandikieni na waandaaji wa tamasha kuwaomba ridhaa, na yule mwajiri mumwulize kama tiketi alizipata kwa masharti yoyote.

Ikishindikana, ziuzeni kwa bei iliyoandikwa juu yake, senti isizidi. Halafu siku nyingine mpike pilau na mahamri, mwalike watu, mchangishe kisima waziwazi bila kuhusisha tiketi. Muhimu mchango usiwe sharti la mtu kupata tiketi, maana hapo mtakuwa mmepandisha bei kwa mlango wa nyuma.